Uzi Chini ya Kisigino

Kila asubuhi Mama Kola alikaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi na moja kabla ya kukanyaga chini. Alizihesabu kwa saa ya ukutani, ambayo mshale wake mrefu ulikuwa umepinda, na kila ulipofika kwenye tisa ulikwaruza kioo. Dakika tano alizungusha kifundo cha mguu wa kushoto, upande huu kisha upande ule. Dakika tano nyingine alipitisha taulo chini ya vidole na kuvivuta vimwelekee, kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Dakika ya kumi na moja haikuwa na kazi, ilikuwa ya kujipa moyo tu. Kisha alisimama, na maumivu yakatoka kisiginoni yakapanda mpaka kwenye meno. Hatua ya kwanza ndiyo iliyobeba ubaya wote. Ya pili ilibeba nusu yake. Alipofika mlangoni alikuwa akitembea kama watu wengine, ila watu wengine waliozeeka jana.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kati ya hiyo kumi na saba aliimaliza akiwa amesimama kwenye kiwanda cha mashati, sehemu ya pasi, meza ya sita. Shati likitoka kwa washonaji lilipita meza kwa meza: mmoja hupiga mabega, mwingine mikono, mwingine mifuko, na yeye hupiga kola. Kola ina siri yake. Ukianzia katikati, ncha zinakunjamana. Lazima uanze nchani, kushoto halafu kulia, umalizie katikati. Kwa siku alipiga kola mia sita, ndiyo maana hata majirani walimwita Mama Kola, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Viti havikuruhusiwa. Msimamizi, mwanamume mwembamba waliyemwita Filimbi kwa kile kilichoning'inia shingoni mwake, alieleza kila mwaka kwamba mtu akikaa, mkono husinzia. Basi wanawake sitini wa sehemu ya pasi walisimama, na wote sitini waliumwa nyayo. Ng'ambo ya uwanja, sehemu ya kukata vitambaa, nako walisimama kutwa, tena kwa saa nyingi zaidi, lakini huko hakuna aliyechechemea. Jambo hilo lilijulikana, wala halikujadiliwa, kama inavyojulikana kwamba nyumba fulani ina siafu.

Walijitibu wanavyojua. Wapo walioloweka miguu kwenye maji ya chumvi, wapo waliobiringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo, wapo waliokata vipande vya godoro wakavisokomeza ndani ya viatu, na kufikia saa sita vipande hivyo vikawa bapa kama karatasi. Kifungo wa meza ya saba, aliyekagua vifungo, na ambaye mwenyewe alikuwa mfupi, wa mviringo na asiyeng'oka alipokaa, alisema hana haja ya dawa. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema, "na adhabu ya sakafu hii aijuaye mpiga pasi." Wakacheka, wakabadili mguu.

Siku Mama Kola aliposhindwa kufika mlangoni mwa chumba chake bila kushika ukuta, aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kwa fundi wa nyayo.

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia, mlango wa kijani. Fundi alitengeneza magongo, vyuma vya miguu, na soli za ndani za viatu zilizochongwa kwa kipimo cha mtu mmoja, zisizomfaa mwingine yeyote. Alikuwa mzee wa maneno machache, vumbi la plasta limemkaa kwenye nyusi, na alipomwamkia mgeni alimtazama miguu kwanza, uso baadaye. Hakuuliza panauma wapi. Alichukua sanduku bapa la kadibodi lililojaa sponji ya rangi ya waridi, ile inayobonyea na isirudi, akaliweka sakafuni, akamwambia asimame ndani yake kwa mguu wa kushoto, uzito wote, bila haraka.

Sponji ililia kidogo, kama mtu anayetafuna tosti. Mama Kola alipoondoa mguu, wakainama wote wawili kutazama.

Palikuwa na vidole vitano, na pedi ya mbele, na upinde wa wayo, na shimo la kisigino. Ndani ya shimo la kisigino, vikiwa vimeinuka kutoka chini, vililala vidole vinne vya mkono wa mtu na dole gumba lake, kama mkono uliofunikwa shuka.

"Mama unatoka kiwanda cha mashati," alisema fundi. "Sehemu ya pasi."

Mama Kola alikubali. Fundi akamwonyesha rafu. Kulikuwa na plasta za miguu kumi na minne ya wanawake wa pale, kila mmoja umeandikwa namba ya meza kwa penseli, na kila mmoja ulikuwa na alama ya mkono: mwingine kisiginoni, mwingine ubavuni, mmoja umeshika vidole vyote vitano kama mtu anayeshika ngazi. Wayo hausahau unachokisimamia, alieleza. Mkulima ana mawe yake, mpishi ana vigae vyake, na ninyi mna mikono. Alikiri kwamba mwanzoni alikosea. Mikono ile alidhani ni mapovu ya plasta, ile kasoro inayompata kila fundi mwenye haraka, akawa anaijaza na kuipiga msasa mpaka wayo unakuwa laini kama yai. Soli zilizotengenezwa hivyo hazikumaliza wiki. Zilirudi zimetoboka matundu manne kisiginoni, na wenyewe wanalia. Ndipo akajifunza kuchonga upande wa chini wa soli, ule usioonekana, kitanda cha vidole. Mkono ukipata pa kulala, mguu unapumzika.

"Tena hawavuti," alisema. "Tazama wapi pamezama zaidi. Ni ncha za vidole. Wanasukuma."

Alimimina plasta kwenye sponji, wakaingoja ikauke huku wakisikiliza mashine za kufulia zikizunguka ng'ambo ya ukuta. Alipoubandua mguu na kuupindua, alichukua kisu chembamba akanuia kuziba ufa mdogo uliotoka kwenye dole gumba la mkono ule, ukapita chini ya upinde wa wayo, ukaishia kabla ya kufika kwenye vidole, penye kifundo kidogo kama punje ya mchele.

"Usizibe," alisema Mama Kola. "Si ufa huo. Ni uzi."

Aliuweka mguu ule wa plasta mapajani. Kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kilivyobaki baada ya kubanwa na mashine ya kola. Alikijua. Alikuwa amekishika kila asubuhi kwenda shule, kwa sababu kilipinda vizuri, kama ndoano ya mlango, na mkono wa mtoto ulitosha humo.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Fundi alimpa pole, kisha akamwuliza anavaa kiatu namba ngapi.

Mama yake alikuwa ametoweka miaka thelathini na minne iliyopita. Mama Kola alikuwa na miaka minane na viatu vya shule vilivyotoboka mbele. Asubuhi hiyo mama alimsimamisha kwenye simiti ya ukumbini, akapiga magoti, akakata uzi kutoka kwenye kibiringo, akaupima wayo wake kuanzia kisigino mpaka kidole kirefu, akafunga kifundo pale ulipoishia. "Tulia," alimwambia. "Usikunje vidole, kipimo kitakuwa kifupi." Akautia uzi mfuko wa gauni, akasema jioni atarudi na viatu, akaenda kazini. Hakurudi jioni hiyo wala nyingine. Siku ya tatu ilikuja barua ya kiwanda, mstari mmoja: mfanyakazi namba mia mbili na tisa ametoroka kazi.

Alilelewa na mama mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na watoto wake watano. Huko alijifunza kwamba mama yake alifuata dereva wa lori. Dereva huyo hakuwa na jina, lakini kila mwaka aliongezewa kitu: mara ana meno ya dhahabu, mara lori lake jekundu. Watoto wa mtaani walimwita Binti Mtoro. Akikataa kuwasha jiko au kuosha sufuria, aliambiwa damu hiyo inatoroka yenyewe. Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, na hata binti huyo alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza kama siku moja naye ataondoka. Alipokosa kazi kwingine alikwenda kuomba pale pale, kwani kiwanda kilikuwa kimoja na njaa haina kinyongo.

Jambo jingine lilijulikana lakini halikusemwa kwa sauti. Zamani sehemu ya pasi ilikuwa na sakafu ya mbao zilizooza juu ya hodhi la maji ya mvuke. Siku ile mama alipoondoka, kiwanda kilifungwa siku nne. Malori ya zege yaliingia kwa lango la nyuma, moja baada ya jingine, na siku ya tano wafanyakazi walikuta sakafu mpya, nzuri, ya kijivu, na meza thelathini ambazo wenyewe walikuwa wametoroka wote kwa siku moja. Watu walishangaa madereva wa lori walivyokuwa wengi mwaka ule.

Soli zilikuwa tayari baada ya wiki mbili. Zilikuwa za sponji ngumu iliyovikwa ngozi ya kahawia, kingo zimesagwa vizuri, na ya kushoto, ukiipindua, ilikuwa na kitanda cha vidole vinne na dole gumba, na mfereji mwembamba wa uzi. Fundi alizikaza ndani ya viatu vyake vya kazi, akamtembeza kutoka dirishani hadi mlangoni mara sita. Alimwonya jambo moja tu.

"Soli ikikaa sawa, hutamsikia tena."

Mama Kola alidhani anazungumzia maumivu.

Ilikaa sawa. Asubuhi ya tatu aliamka, akazungusha kifundo kwa mazoea, akasimama, na meno yakabaki salama. Alisimama kwenye meza ya sita kutoka kengele hadi kengele kama mtu aliyesimama kwenye mkeka. Kola zilitoka nzuri kuliko zamani, mpaka Filimbi akainua moja na kuwaonyesha wengine. Na Mama Kola hakuwa na muda wa kufurahi, kwa sababu sasa alikuwa anajua, na anayejua ana kazi.

Alitaka kitu kimoja. Hakutaka malipo wala shada la maua. Alitaka neno moja lifutwe katika kitabu, pale palipoandikwa "ametoroka," na paandikwe lolote lenye ukweli, hata liwe fupi.

Alirudi kwa fundi akamwomba mkono. Fundi aliupaka mafuta mguu wa plasta usigandane, akamimina plasta nyingine juu ya kisigino, na ilipokauka akaubandua mkono peke yake, mweupe, kidole kimepinda, uzi umebanwa chini ya dole gumba. Mama Kola aliuviringisha kwenye shati lenye kasoro, akaupeleka ofisini kwa karani wa daftari la wafanyakazi.

Karani alikuwa mtu wa haki katika mipaka ya meza yake. Alipanda ngazi, akatoa daftari la mwaka ule, akapuliza vumbi, akapata mia mbili na tisa. Palikuwa na jina, tarehe ya kuajiriwa, na chapa ya dole gumba kwa wino wa zambarau, kwa sababu mama hakujua kuandika. Aliuchukua mkono wa plasta, akabonyeza dole gumba la plasta kwenye kidau cha wino, akaligonga kando ya chapa ya zamani. Akatoa kioo cha kukuza. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, hii ya kulia, ile ya kushoto, na kovu dogo katikati la kuchomwa na pasi.

"Ni yeye," alisema karani.

"Basi andika amefariki, kaka."

Karani alimweleza kwa upole. Ili kuandika amefariki lazima kiwepo cheti. Ili kiwepo cheti lazima daktari auone mwili. Ili daktari auone mwili lazima sakafu ivunjwe, na sakafu ni mali ya uongozi. Neno la kuandikwa bila cheti lilikuwa moja tu, nalo limekwishaandikwa. Mama Kola akauliza kama haiwezekani kuandika yupo kazini, maana kwa kweli hajawahi kuondoka. Karani aliona hoja hiyo ina uzito. Akamwita Filimbi, ambaye aliutazama mkono, akautazama wino, akafikiri.

"Kama yupo kazini," alisema Filimbi, "mbona hajapiga kadi miaka thelathini na minne?"

Mama Kola akawaendea wenzake. Katika mapumziko ya saa sita alikwenda meza kwa meza na karatasi ya kuomba sakafu ifunguliwe. Wakati huo wenye soli walikuwa kumi na tano tu kati ya watu sitini. Waliobaki walikuwa bado wanasimama kwenye vidole vya watu, na visigino vyao vilikuwa vinawaambia. Hawakubisha hata mmoja. Wa meza ya pili alisema siku zote alihisi ameshikwa. Wa meza ya kumi na mbili alisema wa kwake anagonga, mara tatu, anapumzika, mara tatu. Kifungo alikuwa amekwenda kupimwa wiki iliyotangulia, akakutwa na mkono mpana wa kiume wenye pete, na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, alitazama chini akasema, "Shikamoo, mzee." Alisema hajajibiwa lakini adabu haimsubiri mtu. Karatasi ilipata madole gumba arobaini na moja. Dole la Kifungo lilikuwa la kwanza, kubwa kuliko yote, limevuja wino.

Uongozi ulijibu ndani ya siku tisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa choo, ambako kila mtu hufika. Lilisema uongozi unatambua kuwepo kwa mikono chini ya sehemu ya pasi. Kwamba uongozi unajali afya ya nyayo. Kwamba kwa gharama ya kampuni, kila mfanyakazi wa pasi atapimwa na kupewa soli za ndani za ngozi, pea mbili, moja ya akiba. Kuhusu sakafu, ilikuwa imara.

Fundi wa nyayo alihamishiwa uwanjani kwa muda, chini ya turubai, na masanduku yake ya sponji. Wanawake walipanga mstari. Alifanya kazi siku ishirini na sita, na hakuna soli aliyoilipua. Kila mkono ulichongewa kitanda chake, wa pete ukachongewa na pete. Siku ya kugawa, Filimbi alipuliza filimbi kwa furaha, na watu wakapiga makofi. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Jumatatu yake sehemu ya pasi ilisimama kwa mara ya kwanza bila mtu kubadili mguu. Ilikuwa kimya. Wa meza ya kumi na mbili alisema anahisi kama amehamia mtaa usio na jirani.

Mama Kola alipopita tena na karatasi, kwa ajili ya barua ya pili, alipata madole gumba kumi na saba. Mwezi uliofuata alipata manne. Hakuna aliyemkatalia kwa ubaya. Walikuwa na kazi, walikuwa wanatafuta mkasi, walikuwa wataweka kesho. Mwishowe alisimama mbele ya meza ya saba na kidau cha wino, na Kifungo akaendelea kuvuta vifungo, kimoja kimoja, kuona kama vimekaza.

"Umenikimbia hata wewe, shoga?"

"Sijakukimbia, mwenzangu. Nipo hapa hapa, unaniona." Kifungo alishusha shati. "Lakini mguu umepona. Na wakiivunja hii sakafu, sisi tutasimama wapi?"

"Mzee wako je?"

"Mzee nimemtandikia," alisema Kifungo, na macho yake yakaenda chini, yakarudi. "Amelala. Nisimwamshe."

Mama Kola aliuchukua wino wake akarudi kwenye meza ya sita. Alipiga kola thelathini. Katika ya thelathini na moja alitambua kwamba alikuwa amekanyaga mahali pale tangu asubuhi na hakumkumbuka mama yake hata mara moja. Alisimama wima akauuliza mguu wake. Mguu haukuwa na habari. Chini yake palikuwa laini, palikuwa pazuri, palikuwa pakavu kama mbingu isiyo na wingu, na hakuna mtu.

Kengele ilipolia alikwenda karakana. Fundi alikuwa anafagia vumbi. Alipomwona hakumtazama miguu, alimtazama uso.

"Nilidhani ninatibu," alisema.

Mama Kola alimwambia soli hazina kosa. Ndizo soli nzuri kuliko zote alizowahi kuvaa. Akakaa kwenye benchi, akavua kiatu cha kushoto, akaichomoa soli kwa kucha, polepole ili ngozi isichanike, kisha ya kulia. Alizifunga kwa kitambaa, akazipeleka nyumbani, akaziweka kwenye droo pamoja na mkono.

Asubuhi iliyofuata, kwenye meza ya sita, maumivu yalirudi kabla hajashika pasi. Yalipanda mpaka kwenye meno. Alihisi ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, na dole gumba limebana kisiginoni, na uzi umepita chini ya upinde wa wayo, ukaishia pale ulipokuwa umeishia wayo wa mtoto wa miaka minane. Kupita kile kifundo cha uzi, wayo ulikuwa umeendelea kwa upana wa vidole vinne, navyo havikuwa na kipimo. Alianza kola nchani.

Karani, ambaye hakuweza kubadili neno, alipata usingizi mbaya wiki nzima, kisha akakumbuka kwamba kadi ya kuingilia kazini haihitaji cheti cha daktari. Aliandika moja, namba mia mbili na tisa, akampa Mama Kola kwenye korido. Tangu hapo, kila asubuhi kwenye mashine ya lango Mama Kola alipiga kadi mbili, yake na ya mama yake. Jioni alipiga moja. Siku ya kwanza aliishika ile ya pili juu ya tundu la mashine muda mrefu, foleni ikamngoja nyuma, na mkono wake ukakataa. Kuipiga ingekuwa uongo, na uongo juu ya mama yake ulikuwa umetosha.

Mwisho wa mwezi likaja onyo la maandishi kwa mfanyakazi namba mia mbili na tisa: anaingia kazini lakini hatoki. Mwezi wa pili likaja onyo jingine, lenye muhuri. Mwezi wa tatu, kwa kuwa mhusika hakufika ofisini kujieleza, kanuni ilifuatwa. Karani alipanda ngazi, akatoa daftari, akapuliza vumbi ambalo safari hii halikuwepo. Chini ya mstari wa zamani, kando ya zile chapa mbili za dole gumba, aliandika kwa wino mpya kama alivyoamriwa: ametoroka kazi. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Kadi ikatolewa kwenye kisanduku cha lango.

Filimbi ndiye aliyemletea habari, akaongeza kwamba amemwona hatumii soli alizopewa, na kwamba mfanyakazi wa meza ya sita anaonekana akisimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo halipendezi wageni wakija. Mama Kola alisema amesikia. Filimbi akaenda zake.

Katika sehemu yote ya pasi watu hamsini na tisa walisimama bila kusogea. Mama Kola peke yake ndiye aliyechechemea. Kila baada ya kola ishirini aliuinua mguu wa kushoto, akauacha hewani kwa muda ambao mtu aliye chini angetumia kukunjua vidole na kuvikunja tena. Kisha aliushusha, kisigino kwanza, mahali pale pale, akaulaza wayo wote juu ya sakafu, akatulia, bila kukunja vidole.